Vileo vya ndizi (Karagwe na Kyerwa)

Vileo vya ndizi ni vinywaji vya alkoholi vinavyotengenezwa kwa maji ya ndizi mbivu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ikiwemo kata ya Ihembe. Vikuu ni viwili: lubisi, ambayo ni pombe ya kuchachusha, na enkonyagi, pombe kali inayopatikana kwa kuchemsha lubisi na kuupoza mvuke wake. Hii ya pili ndiyo gongo ya mikoa mingine. Mjadala wa dawa za kulevya nchini huelekezwa zaidi kwenye bangi na unga. Katika migomba ya Karagwe, kilevi kilicho karibu na kila mlango ni hiki.

Historia

Ufalme wa Karagwe ulijulikana kwa pombe yake kabla ya ukoloni. Wasafiri kutoka Uingereza John Hanning Speke na James Grant, waliopokewa na Mukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1861, walikirimiwa pombe na tumbaku, na Speke aliandika kwa kuvisifia vyote viwili. Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, lubisi ni kinywaji cha posa, harusi, matanga na kumaliza ugomvi. Hunywewa kwa kibuyu na mrija, na mkwe anayefika mikono mitupu hafiki.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa Walokole, yaani waumini wa uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Kagera kupitia makanisa ya Kiprotestanti. Mlokole haonji pombe kabisa, hata kwenye posa, na familia nyingi zimelazimika kuandaa omuramba, yaani maji matamu ya ndizi yasiyochacha, kwa ajili ya wageni wa namna hiyo.

Utengenezaji

Ndizi za pombe, tofauti na ndizi za kupika, huivishwa kwa siku kadhaa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba. Humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mbao na kukandwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Maji hayo matamu ndiyo omuramba. Yakichanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha kufunikwa kwa majani, huchacha usiku kucha. Lubisi ya siku ya kwanza ni tamu. Siku ya pili imekolea. Baada ya hapo inaelekea kuwa siki.

Hapo ndipo enkonyagi inapoingia. Lubisi iliyobaki hutiwa katika pipa, huchemshwa, na mvuke wake hupitishwa katika bomba la shaba lililozamishwa kwenye maji baridi. Kinachodondoka hakichachi, hubebeka kwenye dumu, na kinaweza kusubiri mnunuzi mpaka shule zifunguliwe na ada idaiwe. Kwa kaya isiyo na kahawa ya kutosha, dumu hilo ni akiba.

Malighafi ya vileo hivi nayo imepata pigo: mnyauko wa migomba ulithibitishwa Kagera mwaka 2006. Ugonjwa huo ulizishambulia vikali baadhi ya aina za ndizi za pombe.

Alkoholi mwilini

Alkoholi haihitaji kumeng'enywa. Sehemu ndogo hufyonzwa tumboni na kubwa katika utumbo mwembamba. Mtu asiyekula hulewa mapema kwa sababu hakuna chakula cha kuichelewesha tumboni. Ini huibadilisha kwanza kuwa asetaldehaidi, sumu inayochangia kichefuchefu cha asubuhi, kisha kuwa asetati isiyo na madhara makubwa. Kazi hiyo ina kasi yake: kwa mtu mzima ni takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa, maziwa au kuoga maji baridi havimwongezei mlevi kasi hata kidogo.

Tofauti ya vileo hivi viwili huonekana kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kipimo cha kawaida cha vilabuni. Lubisi yenye alkoholi ya asilimia 4 ikijaa humo hubeba gramu 16, ambazo ini huzimaliza kwa saa mbili hivi. Chupa hiyohiyo ikijaa enkonyagi ya asilimia 40 hubeba karibu gramu 160. Anayeimaliza saa mbili usiku huamka kwenda shambani damu yake ikiwa bado na pombe.

Katika ubongo, alkoholi huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza neva, na kuizuia glutamati inayoziamsha. Aibu huondoka kwanza; kumbukumbu na mizani ya miguu hufuata. Kiasi kikizidi hupunguza pumzi, na mlevi aliyelazwa chali anaweza kukabwa na matapishi yake. Alkoholi pia hukandamiza homoni inayobana mkojo, ndiyo maana mnywaji hukojoa sana na kuamka na kiu.

Unywaji wa miaka mingi hulijaza ini mafuta, kisha makovu. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka alkoholi katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1988. Kwa mjamzito hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Uraibu

Alkoholi huchochea dopamini katika njia za ubongo zinazofundisha mwili kurudia jambo. Ikirudiwa kila siku, ubongo hujirekebisha: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza msisimko, ili mtu aweze kusimama akiwa na pombe mwilini. Mnywaji huona kwamba "amekomaa". Pombe ikiondoka, msisimko hubaki peke yake, na mikono hutetemeka ndani ya saa chache. Wanywaji hukabili hali hiyo kwa kuzimua, yaani glasi ya asubuhi. Anayehitaji kuzimua kila siku tayari ni mraibu, hata kama hajawahi kuonekana akipepesuka barabarani.

Kuacha ghafla kuna hatari yake, jambo ambalo ndugu na wahubiri wengi hawalijui. Degedege inaweza kutokea ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huweweseka, hutokwa jasho na kuona visivyokuwepo. Bila matibabu hali hii inaweza kuua; mara nyingi huchukuliwa kuwa ni mashetani. Hospitalini hutibiwa kwa diazepamu na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo.

Methanoli

Enkonyagi ya ndizi huwa na methanoli, alkoholi yenye sumu, kwa kiasi kidogo. Maafa hutokea methanoli ya viwandani inapoongezwa kwa kutafuta ukali. Mwilini huwa asidi ya fomiki, inayopofusha na kuua. Huko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, makumi ya watu walikufa hivyo mwaka 2010 kwa kunywa waragi, gongo ya huko.

Vilevi vingine

Buni zilizochemshwa na kukaushwa hutafunwa na kukirimiwa wageni. Kafeini yake huzoeleka, na anayeacha huumwa kichwa kwa siku chache. Tumbaku huvutwa na kunuswa. Bangi ipo.

Sheria

Kupika gongo bila leseni ni kosa. Pombe kali za viroba zilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na chupa ndogo zikachukua nafasi yake madukani. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015, haishughuliki na pombe.