Wayeke wa Bunkeya: wageni waliogeuka wenyeji

Ndugu wasikilizaji, wazee wa mitaa, na ninyi jamaa mliolala jana katika nyumba ya watu, leo tutazame Bunkeya, huko Katanga.

Katikati ya karne ya 19, Msiri alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, pamoja na wafanyabiashara wa shaba na pembe za tembo. Walikuwa wachache. Walioa mabinti wa Wasanga na wa makabila mengine, na mtoto hujifunza maneno jikoni kwa mama yake. Basi Kinyamwezi kikapotea polepole. Wajukuu wao leo husema lugha iliyo karibu sana na Kisanga. Cheo cha Mwami hawakukiacha.

Lakini tusidanganyane. Kusema lugha ya wenyeji si kuishi nao vizuri. Msiri alitawala kwa bunduki, akauza watumwa, na kufika mwaka 1891 Wasanga walikuwa wamemwasi. Tarehe 20 Desemba mwaka ule aliuawa na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II. Wayeke hawakurudi Unyamwezi. Wangerudi kwa nani?

Nawaambia haya kwa sababu mwaka 1992 na 1993, katika Katanga hiyohiyo, iliyoitwa Shaba wakati ule, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi "kwao". Wengi walizaliwa palepale, wakakua na Kiswahili. Walingoja treni kwenye vituo vya Likasi na Kolwezi, wengine wakafia hapo, wakingoja kupelekwa mahali ambapo watoto wao hawajawahi kupaona.