Mbuyu Ulitangulia Friza

Aiskrimu inayosagwa pamoja na karanga, biskuti au matunda huhesabiwa kuwa kitu cha Marekani, na kibiashara ni kweli. Mwaka 1973 Steve Herrell alifungua duka lake huko Somerville, Massachusetts, akawa anawakandia wateja vipande vya peremende ndani ya aiskrimu. Mwaka 1985 kampuni ya Dairy Queen ikaisambaza aina hiyo kwa aiskrimu yake iitwayo Blizzard. Lakini Dodoma, iliyochaguliwa kuwa makao makuu ya Tanzania mwaka huohuo wa 1973, haikungoja kufundishwa kuchanganya. Ugogo, eneo la Dodoma, ni nchi ya msimu mmoja wa mvua: majani yakikauka, maziwa hupungua, na yaliyopatikana hugandishwa kwenye kibuyu ili yakae. Kiangazi hichohicho ndicho kinachokomaza ubuyu. Unga wake hukaukia ndani ya ganda lenyewe, hukaa miezi bila kuoza, na una ukali pamoja na pektini. Ukikorogwa kwenye uji au maziwa, huyapa uzito na uchachu bila kuhitaji moto. Kazi hiyo ya kuleta uzito ndiyo inayofanya viwanda vya aiskrimu vinunue gundi za mimea.

Atakayepinga atasema aiskrimu ni baridi, na pasipo umeme hakuna baridi. Ni kweli; bwawa la Mtera lilianza kufua megawati zake 80 mwaka 1988 tu, na friza za majumbani ni jambo la juzi. Ila tazama zinavyotumika. Ubuyu huloweshwa, hufikichwa mpaka unga uachane na kokwa, huchujwa, hutiwa sukari, humiminwa kwenye vifuko vyembamba na kufungwa fundo. Ukiganda, mtoto hung'ata pembe ya kifuko na kufyonza. Chombo ni kipya. Kilichotiwa ndani ni cha zamani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba barafu hizo hutengenezwa kwa maji, tena zipo hata Dar es Salaam na Unguja. Nakubali, na sidai kwamba Dodoma ilivumbua barafu ya ubuyu. Nadai kwamba ladha yake ilishazoeleka kabla ya baridi kufika, na kwamba masoko ya pwani yenyewe hununua ubuyu wa bara.

Kongwa, huko huko Dodoma, inatoa ushahidi mwingine, nao unauma. Kuanzia 1947 Waingereza waliingiza matrekta kung'oa pori ili walime karanga. Mibuyu iliwasumbua mno, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukatupwa. Mti uliochukuliwa kuwa kikwazo ndio uliokuwa na chakula. Leo wenye viwanja wanaukata tena kupisha nyumba. Ninyi mnaofungua maduka ya aiskrimu Dodoma, kabla ya kuagiza biskuti za nje, jaribuni ubuyu, karanga za Kongwa na zabibu kavu za Hombolo. Na ninyi mnaopima viwanja, iacheni mibuyu isimame.