Simu ya mkononi na mgonjwa mzee wa saratani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa

MGONJWA mzee wa saratani anayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe ametengwa na hospitali yake kwa maji. Coast General, hospitali kuu ya rufaa ya umma katika eneo la Pwani, iko kisiwani. Mkazi wa Likoni huvuka kwa feri, wa Kisauni hupitia daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, na wa Changamwe huingilia Makupa. Kwa mtu wa miaka 70 aliyetiwa dawa jana yake, mwendo huo wa kilomita chache ni safari nzito. Ndiyo maana simu ya mkononi imekuwa sehemu ya matibabu hata kwa wazee ambao hawajapata kugusa tarakilishi.

Haja yenyewe inatokana na jinsi tibakemia inavyofanya kazi. Dawa hizo huua seli zinazogawanyika upesi, zikiwamo zile za uboho zinazotengeneza damu. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu hupungua mno kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati ambapo mgonjwa yuko nyumbani, mbali na macho ya muuguzi. Joto la mwili likifika nyuzi 38 katika siku hizo, hiyo ni dharura, na hospitali yapasa kuarifiwa saa ile ile bila kungoja siku ya kliniki. Mwili wa mzee wakati mwingine hushindwa hata kupandisha joto, na dalili ikawa ni kuishiwa nguvu ghafla au kuchanganyikiwa. Familia inayodhani ni malaria na kukimbilia vidonge vya dukani hupoteza saa zisizorudi.

Kwamba mawasiliano ya aina hii yana faida si dhana tupu. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa wagonjwa 766 wenye saratani iliyokwisha kusambaa. Miongoni mwa waliokuwa wakiripoti dalili zao kwa njia ya mtandao, nusu waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wenzao waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, nusu waliishi zaidi ya miezi 26. Ripoti ya awali ya mwaka 2016 ilikuwa imeonyesha kwamba walionufaika zaidi ni wale wasio na uzoefu wa tarakilishi. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba dalili ilipozidi muuguzi alipata taarifa papo hapo. Ujumbe usio na mtu wa kuupokea hauna kazi.

Kenya nayo ina mfano wake, ingawa si wa saratani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, Nairobi na Kajiado, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipelekewa kila wiki arafa ya neno moja, "Mambo?", nao wakatakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Asilimia 62 ya kundi hilo walifuata dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiopelekewa arafa. Jambo hilo liliwezekana kwa simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo mulika mwizi.

Kwa wazee arafa ina vikwazo vyake. Wako waliosoma chuoni tu, wanaozijua herufi za Kiarabu kuliko za Kilatini. Wengine macho yamefifia, na baadhi ya dawa za saratani huzifisha ganzi ncha za vidole hata kugusa kioo cha simu kukawa taabu. Kwao sauti ni bora kuliko maandishi: simu ya kupigiwa, au ujumbe wa sauti unaoweza kusikilizwa mara tatu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni simu ya watu wengi. Mara nyingi namba iliyoandikwa katika faili ni ya mwana au mjukuu, na majibu ya vipimo hupita mikononi mwake kwanza. Hapo kijana huamua peke yake kipi bibi aambiwe na kipi afichwe, akidhani anamhurumia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini sheria haiingii chumbani. Anayestahili kuulizwa ni mgonjwa mwenyewe, tena kabla ya namba kuandikwa.

Suala hilo lilijitokeza pia katika bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wagonjwa walithibitishwa kwa namba ya siri iliyotumwa kwa simu iliyosajiliwa. Ambaye simu hiyo ilikuwa kwa mwanawe Nairobi au Ghuba hakuwa na budi kusubiri. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuhamia alama za vidole. Lakini capecitabine, dawa ya vidonge inayotumiwa kwa saratani ya matiti na ya utumbo, huweza kuchubua ngozi ya viganja hata alama hizo zikafutika. Desemba 2008 mzee wa miaka 62 kutoka Singapore, aliyekuwa akiitumia, alizuiliwa kwa saa nne katika uwanja wa ndege nchini Marekani kwa kukosa alama za vidole. Daktari wake aliyeandika kisa hicho mwaka 2009 alishauri wagonjwa wa namna hiyo wabebe barua ya daktari.

Kabla ya kuondoka kliniki, basi, mgonjwa na msaidizi wake waulize namba ya kupiga usiku na siku za mapumziko, waiandike kwa wino katika karatasi ya kubandikwa ukutani, na wajue ni kituo gani cha karibu, kama hospitali ya Port Reitz kwa watu wa Changamwe, kinachoweza kumpokea iwapo kuvuka hakutawezekana.