Nyimbo za kanisani Mbinga na mwambao wa Nyasa: zimetoka wapi?

Msikilizaji, nyimbo tunazoimba kanisani huku kwetu zina njia mbili.

Milimani Mbinga, Ukatoliki ulienezwa na Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898. Misa ilikuwa kwa Kilatini. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji, na mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kiswahili na ngoma vikapata nafasi katika Misa.

Mwambaoni, Waanglikana wa misheni ya UMCA walitokea kisiwa cha Likoma, wakasalisha kwa Kinyanja. William Percival Johnson, aliyefariki Liuli mwaka 1928, alitafsiri Biblia kwa lugha hiyo. Kwa hiyo bibi anayeimba wimbo wa Kinyanja hajaiga Malawi, ameurithi hapahapa.

Leo kwaya nyingi huimba Kiswahili. Wimbo usioandikwa huzikwa na mwenye kuukumbuka. Mwombe mzee wako akuimbie, urekodi kwa simu, uandike maneno, kisha umpelekee mwalimu wa kwaya autilie noti.