Karatasi Niliyoijaza Baadaye

Sisi wakunga tuna msemo tunaowaambia kina mama wanaoona haya kitandani: mficha uchi hazai. Nimeusema miaka yangu yote ya kazi. Usiku mmoja ulinirudia mwenyewe.

Nilikuwa zamu peke yangu, kina mama watano, mmoja akivuja damu. Nilihangaika na huyo. Mwingine, mimba yake ya kwanza, alilala kimya pale pembeni, na leba mtu mkimya husahaulika. Nilipomrudia, mtoto alikuwa ameshachoka. Alizaliwa hakulia, na nilipokata tamaa ya kumpulizia hewa kulikuwa kunapambazuka.

Kabla ya kukabidhi zamu nilichukua patografu ya yule mama mkimya, karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu. Ilikuwa na alama moja tu, ya saa mbili usiku. Nikaijaza. Njia ya uzazi sentimita 5, 6, 7, 8. Mapigo ya moyo wa mtoto 140, 138, 140. Alama zilinyooka kama zimepigwa rula, wino ule ule, mkandamizo ule ule. Uchungu wa kweli haunyooki hivyo. Kwenye kikao cha asubuhi karatasi ilipita mikono mitatu, na hakuna aliyeuliza neno.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nitafute asili ya karatasi hizi.

Patografu yenye mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, iliyotengana kwa saa 4, ilitoka Afrika hii hii. Hugh Philpott na wenzake waliitangaza mwaka 1972, kutokana na kazi yao Salisbury, Harare ya leo. Walikuwa wakimfikiria mkunga wa zahanati ya mbali asiye na daktari: mstari umwambie mapema, mama huyu apelekwe hospitali kubwa sasa.

Lakini tabia yenyewe ya mganga kuandika kazi yake ni ya zamani zaidi. Miaka ya 1890 huko Boston, Marekani, wanafunzi wa udaktari ndio waliowanusisha wagonjwa etha, dawa ya usingizi, wengi wao bila kufundishwa. Mgonjwa mmoja alifia mikononi mwa kijana Harvey Cushing. Yeye na rafiki yake Ernest Codman wakawekeana dau la chakula cha jioni, nani atatoa usingizi vizuri zaidi, na ili wajuane wakaanza kuandika mapigo na pumzi za mgonjwa tangu mwanzo wa upasuaji hadi mwisho. Chati ya usingizi ilianzia hapo.

Cushing akawa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Codman akang'ang'ania swali moja: baada ya kutoka mikononi mwetu, mgonjwa alipona? Alitaka kila mgonjwa awe na kadi: alikuja na nini, tulidhani ni nini, tulimfanyia nini, na baada ya mwaka yukoje. Kama hakupona, kwa nini? Mwaka 1911 akafungua hospitali yake ndogo. Hadi 1916 aliruhusu wagonjwa 337, akaorodhesha makosa 123 na kuyachapisha ili kila mtu asome. Aliyapanga kwa mafungu: hili la kukosa ujuzi, hili la uamuzi mbaya, hili la kukosa uangalizi au vifaa.

Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Mwaka 1915, kwenye mkutano wa madaktari aliouongoza mwenyewe, alifunua katuni kubwa: mbuni amefukia kichwa mchangani, huku akiwarushia madaktari mayai ya dhahabu. Mbuni ni matajiri wa mtaa wa Back Bay, Boston. Ukumbi ulichafuka. Alipoteza uenyekiti, na nafasi yake ya kufundisha Harvard.

Wazo lake halikufa, ila lilitiwa moto. Kwa kufuata wazo hilo, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kilikagua hospitali 692, na zilizofikia viwango ni 89 tu. Oktoba 1919, ndani ya hoteli ya Waldorf Astoria, New York, wakuu wa chuo waliichoma orodha ya hospitali hizo kwenye tanuri kabla waandishi wa habari hawajaipata. Codman alifariki mwaka 1940, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina hadi 2014.

Nilipoisoma habari ya tanuri lile sikuweza kuwacheka. Langu lilikuwa kalamu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa msimamizi wa wodi, niliwasimulia wanafunzi usiku ule bila kupunguza kitu. Walinyamaza. Baada ya wiki kadhaa binti mmoja aliniletea patografu yenye pengo la saa tatu. Pembeni ameandika: "Sikumpima. Nilikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba, niko peke yangu."

"Shikamoo mama. Utanigombeza?"

"Marahaba. Kaa hapa, tuisome pamoja."

Niliipeleka karatasi ile kwenye kikao kama ilivyo, na pengo lake, na madoa yake. Safari hii watu waliuliza. Baada ya mabishano ya vikao viwili tulipata mkunga wa pili wa usiku. Karatasi yangu ya zamani, ile iliyonyooka, iliwaambia kwamba mmoja alitosha.