Ovaroli ya Pudeli

Ukiona pudeli amenyolewa nyuma wembe, kifua kimeachwa na manyoya tele, utacheka. Mimi nilidhani ni maringo ya masonko tu. Kumbe ni ovaroli. Huyu alikuwa mbwa wa majini; hata jina limetoka kwa neno la Kijerumani la kurusharusha maji. Mwindaji akipiga bata, yeye ndiye aliogelea kumleta, na manyoya yakilowa ni kama kuogelea na blanketi.

Lakini kuna aliyemwonea huruma. Mwaka 1621, Mwingereza Gervase Markham aliandika kwamba kumnyoa mbwa wa maji kutoka kitovuni kwenda nyuma ni sawa wakati wa joto. Wakati wa baridi, aachwe: sehemu ya nyuma ndiyo huzama zaidi.

Miaka ya 1800, vinyozi wa mbwa walikaa kando ya mto Seine, Paris, wakingoja wateja wa mjini.