Makarani Wanne wa Mtaa wa Halsted

Kwa miaka mingi nilifundisha misingi ya elimu katika chuo cha ualimu, na katika somo hilo hakuna namna ya kumkwepa John Dewey. Kila mwaka mwanachuo mmoja angesimama na kuuliza Mzungu huyu alijuaje kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, nami nilikuwa na jibu langu la siku zote, lililochakaa kama notsi nilimolitoa. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkuu wa chuo pale boksi la vitabu vya msaada lilipofika maktabani. Ndani yake, kati ya vitabu vya hesabu visivyolingana na mtaala wetu, mlikuwamo chapa mpya ya kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1895: Hull-House Maps and Papers. Dewey alifika Chicago mwaka 1894 kufundisha chuo kikuu, akawa mgeni wa mara kwa mara wa nyumba hiyo ya Hull-House, hata akaingia katika bodi yake. Nikakichukua kitabu kwa ajili yake. Nikakaa nacho kwa ajili ya ramani.

Ramani zilikuwa mbili, zenye eneo moja. Upande wa magharibi mtaa wa Halsted, mashariki State, kaskazini Polk, kusini mtaa wa kumi na mbili. Ni theluthi moja tu ya maili ya mraba. Mtu mwenye miguu mizima angelizunguka kabla chai haijapoa. Kila kiwanja kimechorwa na kupakwa rangi: ramani ya kwanza kwa kufuata taifa la wakaaji, ya pili kwa kufuata mapato ya familia kwa wiki. Mataifa yaliyohesabiwa humo ni 18. Waitaliano, Wayahudi kutoka Urusi na Poland, Wabohemia, Waairishi, Wajerumani, Wamarekani weusi, Wachina, na wengineo, wote wamebanana katika nyumba za mbao zilizojengwa zamani kwa familia moja moja, na nyuma yake nyumba nyingine za uani zilizochomekwa baadaye ili kodi iongezeke. Wenzangu wa Dar es Salaam wanaijua habari hiyo bila kufika Amerika.

Sasa, ndugu msomaji, rangi haijipaki yenyewe. Nyuma ya kila kiwanja kuna mtu aliyebisha hodi, na nyuma ya mlango kuna mtu aliyejibu kwa lugha yake.

Kazi yenyewe ilitoka serikalini. Mwaka 1892 bunge la Marekani liliagiza uchunguzi wa mitaa ya kimaskini katika miji mikubwa 16, likatoa dola 20,000. Fedha hiyo haikutosha, kama ilivyo desturi ya fedha za uchunguzi, na miji ikapunguzwa ikabaki minne: Baltimore, Chicago, New York na Philadelphia. Kwa Chicago msimamizi alikuwa Bibi Florence Kelley. Alikuwa amefika Hull-House siku za mwisho za Desemba 1891 na watoto wake watatu, akimkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Alikuwa amesoma Zurich, na Kijerumani alikijua kiasi cha kutafsiri kitabu cha Engels juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1887. Hull-House yenyewe ilianzishwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, wanawake wasomi walioamua kukaa katikati ya wahamiaji badala ya kuwatembelea. Kwa hiyo serikali ilipata kwa Bibi Kelley kitu ambacho haikukilipia: mtu anayelala mtaa huohuo anaouchunguza.

Chini yake walikuwa makarani wanne. Walianza Aprili 1893, wakaendelea hadi katikati ya Julai, na dodoso lenye maswali zaidi ya 60 kwa kila kaya. Vyumba vingapi, watu wangapi, choo cha nani, unafanya kazi gani, unalipwa kiasi gani, mwaka uliopita ulikaa bila kazi majuma mangapi. Karani alipozirudisha karatasi zake, mkaazi mmoja wa Hull-House alinakili habari za taifa na za mapato kabla hazijapelekwa Washington. Ni nakala hizo zilizozaa ramani. Na wakati makarani wakipanda ngazi hizo, upande mwingine wa mji huohuo yalifunguliwa Maonyesho ya Dunia, tarehe 1 Mei 1893, yenye majengo meupe yaliyowastaajabisha wageni milioni nyingi. Mwaka huohuo mabenki yalianguka na watu wakapoteza kazi kwa maelfu. Mtu akulize siku kama hizo unalipwa kiasi gani!

Kitabu kinawataja makarani hao kwa idadi tu. Wanne. Waandishi wa sura wana majina yao, nami nimejifunza kuwaheshimu: Agnes Sinclair Holbrook aliyeeleza ramani, Josefa Humpal Zeman, mwandishi wa habari, Mbohemia mwenyewe, aliyeandika juu ya Wabohemia, Alessandro Mastro-Valerio, mhariri wa gazeti la Kiitaliano, aliyeandika juu ya Waitaliano na kutaka sana wahamishiwe mashambani. Hawa wawili nawapenda kwa sababu hawakungoja mtu wa nje awaelezee watu wao. Mastro-Valerio simwungi mkono katika habari ya mashamba, maana nimeona kwetu watu waliohamishwa kwa nia njema, lakini alikuwa na haki ya kukosea juu ya watu wake kwa lugha yao.

Bibi Holbrook ndiye aliyenifanya niufunge ukurasa nikae kimya. Anaeleza kwamba katika ramani ya mataifa rangi nyeupe ni ya watu wasemao Kiingereza. Kisha anataja nani wanaingia humo: Waingereza, Waskoti, Wamarekani wa asili ya huko, na pia watoto wa wahamiaji waliozaliwa Amerika, ikiwa wamepita umri wa miaka kumi, au kama ni wadogo zaidi, ikiwa wanahudhuria shule ya serikali. Waairishi, ambao Kiingereza wanakisema, walipewa rangi yao kwa kuwa ni wengi. Hebu tazama maana yake. Katika chumba kimoja cha Waitaliano, mama na baba wana rangi ya Italia. Mtoto wa miaka saba aliyeandikishwa shule ni mweupe. Mdogo wake wa miaka mitano, aliyelala kitanda hichohicho, ana rangi ya mama yake, hadi siku atakapovaa viatu akaenda kwa mwalimu. Maisha yangu yote nimewaambia walimu wanafunzi kwamba shule humbadili mtoto. Sikujua kwamba kuna mahali palipopimwa kwa wino.

Simlaumu. Alihitaji kanuni, na kila kanuni ya kuhesabu watu hukata mahali fulani. Sensa yetu ya mwaka 1967 iliuliza kabila, na zilizofuata hazikuuliza. Lakini kanuni ya Bibi Holbrook ilinikumbusha jambo langu, nami nitalisema.

Mwezi Agosti 1978 nilikuwa mwalimu kijana Dar es Salaam, nikawa karani wa sensa. Nilipangiwa sehemu ya Manzese. Mjumbe wa nyumba kumi alinitembeza, mzee mpole aliyejua hata majina ya mbuzi. Katika nyumba moja ya Kiswahili ya vyumba sita, chumba cha nyuma kilikuwa cha mzee mmoja Mmakonde aliyetoka Msumbiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Mjumbe akaitwa pembeni na mtu mwenye ugomvi wa kisima. Nikabaki na mzee, na msichana wa miaka kama kumi na mmoja aliyekuja kutafsiri. Alitafsiri vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Niliuliza nani na nani walilala hapa usiku wa kuamkia leo. Yeye akamgeukia mzee, mzee akajibu, yeye akanirudishia: babu, bibi, mjomba, na mtoto wa mjomba. Wanne. Nikaandika wanne, nikashukuru, nikaenda chumba cha pili.

Usiku, nikikagua karatasi zangu kwenye taa ya chemli, nikaona kwamba msichana hayumo. Nikajiambia huenda ni wa jirani. Kesho yake jioni nikarudi. Alikuwa anafagia mlango wa chumba kilekile. Nikamuuliza, "Binti, wewe unalala wapi?" Akaonyesha kwa ufagio: humo ndani, kwenye mkeka, karibu na mlango. "Mbona jana hukusema?" Akanishangaa. "Shikamoo mwalimu. Hukuniuliza mimi. Ulimuuliza babu."

Nilimwendea msimamizi wangu. Karatasi za eneo langu alikuwa amekwisha kuzifunga, na akaniambia mtu mmoja hawezi kuharibu hesabu ya nchi. Kwa hesabu alikuwa na haki. Nilikubali upesi kuliko ilivyonipasa, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na posho ilikuwa inagawiwa kesho.

Ndiyo maana nikisoma juu ya makarani wanne wa Halsted siwezi kuangalia rangi peke yake. Katika nyumba za wahamiaji aliyejua Kiingereza kwanza alikuwa mtoto wa shule. Naona msichana wa Kiitaliano amesimama kati ya karani na mama yake, anageuza swali la mshahara wa baba, anaona haya, labda anaongeza dola moja kwa ajili ya heshima. Maneno mengi yaliyofika Washington yalipita katika vinywa vya namna hiyo. Bibi Holbrook aliijua aibu ya kazi hii. Aliandika, kwa maana yake, kwamba kuwachokonoa maskini kwa maswali kungekuwa utovu wa adabu kama hakungeleta nafuu kwao.

Nafuu ilikuja, kwa kiasi. Mwaka huohuo wa 1893 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya viwanda, ikakataza watoto walio chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, na Bibi Kelley akateuliwa mkaguzi mkuu. Sehemu ya saa nane kwa wanawake ilifutwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1895. Mwaka huo huo kitabu kilitoka, baada ya vuta nikuvute, maana mchapishaji aliona ramani ni ghali na Bibi Kelley aliandika barua kali kwamba hazitaondolewa. Baadaye wengine walifuata nyayo: Robert Hunter mwaka 1901, kisha Edith Abbott na Sophonisba Breckinridge, ambao kwa miaka zaidi ya 20 waliwapeleka wanafunzi wao mlango kwa mlango, kazi iliyotoka kitabu kizima mwaka 1936. Wanafunzi hao nao walikuwa wengi.

Mitaa iliyoizunguka Hull-House kwa sehemu kubwa ilibomolewa miaka ya 1960 kupisha chuo kikuu cha Illinois, kilichofunguliwa hapo mwaka 1965. Nyumba ya awali imebaki kama makumbusho, na shirika lililoendeleza kazi yake lilifungwa mwaka 2012. Ramani bado zipo. Ukiweka kidole juu ya kiwanja chochote unaweza kusema taifa gani walikaa pale masika ya mwaka 1893, na kwa mapato gani kwa wiki.

Yule msichana wa Manzese kama yu hai ana miaka inayokaribia sitini. Jina lake nililiuliza siku ile ya pili, nikaliandika pembeni mwa daftari langu la maandalio ya somo, na daftari hilo ninalo.